Joho la Shangazi

Kanisa lile lilikuwa na kamati nyingi kuliko madirisha. Mgeni akiingia, kabla hajapata pa kukaa ameshapata wadhifa. Mchungaji mwenyewe alikuwa kijana wa nia njema na macho mekundu ya usingizi, na alihudhuria vikao vyote. Akifika nyumbani, mkewe alimpokea mlangoni: "Karibu mgeni, jisikie uko kwako."

Jumatano moja, Kamati ya Kutembelea Wagonjwa ilijibana kwenye viti vya darasa la watoto, magoti yakigusa videvu, ikijadili rangi ya fulana za kuvaa siku ikienda kutembelea wagonjwa. Katibu aling'ang'ania zambarau. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja, jirani wa shangazi yake Mchungaji, na mfuko mkononi.

"Shangazi yako karudisha joho la kwaya," alimwambia Mchungaji. "Anasema mmpe mwenye miguu."

Shangazi ndiye aliyemlea Mchungaji, akamfundisha kuimba na kufunga kamba za viatu. Tena alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati hiyohiyo.

"Ana nini?"

"Aliteleza bafuni mwezi uliopita. Nyonga imegoma."

Katibu akakohoa. "Sisi tulimwandika mtoro."

Mchungaji akabeba mfuko, akatoka bila kufunga kikao.

Alimkuta Shangazi kitandani, redio ubavuni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kama mwanangu au kama mchungaji? Maana mchungaji saa hizi ana kikao."

"Nimetoroka."

"Basi kaa. Mimi nahamia kwenye ibada za redio. Redio walau inafika kitandani."

"Usituhame, Shangazi."

"Nipe sababu. Na isiwe tangazo."

Mchungaji akavua viatu, akaosha vyombo vilivyolala, akamchemshia maji ya kuoga. Alipokuwa anasugua sufuria alijikuta anaimba, na sauti ya Shangazi ikamsahihisha kutoka chumbani, kama zamani. Ila alipoondoka, joho lilikuwa bado mfukoni mwake.

Jumapili akasimama madhabahuni. "Kuanzia leo tunaabudu Jumapili, Jumatano tunatembeleana. Basi. Kamati zote zimevunjwa."

Katibu akanyoosha mkono.

"Napendekeza tuunde kamati ya kusimamia uvunjaji wa kamati."

"Hapana, Katibu."

"Hata ndogo?"

"Hata ndogo."

Mke wa Mchungaji akainamisha kichwa kana kwamba anasali, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jumatano iliyofuata wakaenda kwa Shangazi: Mchungaji na mkewe, nyuma yao Katibu ndani ya fulana ya zambarau. Alishajishonea. Katibu akasimama katikati ya chumba, akasafisha koo.

"Ndugu wajumbe..."

"Wajumbe wako jikoni, Katibu," Shangazi akamkata. "Sahani, vikombe na sufuria moja korofi. Kawasalimie."

Katibu akakunja mikono ya fulana, akaenda. Muda si mrefu sauti yake ikasikika: "Wanaounga mkono sufuria hii ilowekwe mpaka kesho?"

"Napinga," Shangazi akajibu, akicheka mpaka nyonga ikamkumbusha adabu. Alipotulia, akamgeukia Mchungaji. "Joho langu umeshampa mtu?"

"Liko kwenye mfuko, nimekuja nalo."

Akalitoa. Shangazi akalitazama kwa kinyaa.

"Nani kalikunja hivi? Lipige pasi, mwanangu. Siwezi kurudi kwenye kwaya nimevaa makunyanzi mawili, ya kwangu na ya joho."