Mkono wa Kulia

...na karani bado ameninyoshea msahafu, "Shika kwa mkono wa kulia, kaka, useme baada yangu," kwa upole, hana habari, angejua asingesema, maana wa kulia nimeuficha chini ya shati tangu niliposhuka lori la magereza, vidole viwili havikunji, vingine vinatetemeka vyenyewe, naye Afande Tembo aliyevivunja ameketi pale mbele, nimemshtaki mimi, mfungwa, wenzangu gerezani walinicheka mpaka wakachoka, ameketi na sare yake iliyopigwa pasi, ananitazama kama anayesubiri kuletewa chai... na siku ile niliomba maji ya udhu tu, kopo moja, alasiri inapita, nikaambiwa rudi nyuma, nikarudi, rungu likaja vilevile, nikakinga kichwa kwa mkono huu, haya, pigo la kwanza tuseme ni la kazi, lakini nilipokuwa chini akaukanyaga kwa buti usitoroke, akapiga tena, na tena, ile nayo ni kazi gani... "Mheshimiwa, ana udhuru," wakili wa Tembo huyo amesimama, "atumie wa kushoto tusipoteze muda," lo, leo udhuru mnaujua, si mlisema niliteleza bafuni... hakimu anavua miwani, "Unaweza kutumia wa kushoto, Alamin, hukatazwi," kwa wema kabisa, lakini mheshimiwa, wa kushoto ndio ninaochambia, nao ndio siku hizi najilishia kwa kukosa mwingine, niushikie msahafu? na mama yuko nyuma kwenye benchi, ametoka Mwabungo alfajiri, mama aliyeniletea wali wa nazi gerezani akaona nimepeleka wa kushoto kwenye sahani, akaukamata, akaurudisha pajani mwangu, akanilisha tonge kwa tonge, mwanamume mzima na ndevu zangu, mbele ya askari, nikameza wali na aibu pamoja, na tangu hapo naficha, naficha... aibu ya nani lakini? ya Tembo, nami namfichia? kifungo changu nakitumikia, sikatai, nilihukumiwa miaka minne, sikuhukumiwa mkono, hapana, utoke, utetemeke hapahapa... "Wa kulia, mheshimiwa," nasema, "nipeni nafasi," nao unatoka chini ya shati, mbaya, umepinda, wangu, karani ameuona, midomo imemcheza, wakili anaketi polepole, mama amekohoa, nakijua kikohozi hicho, ni cha kuzuia kilio, usilie mama, leo sioni haya, na msahafu bado uko kwa karani, sijaugusa, nitaushika, ukiniponyoka karani yupo karibu ataudaka, nitaushika tena, sina haraka, ukumbi mzima unautazama mkono wangu, ila Tembo, Tembo anatazama viatu vyake.