Kitufe cha Jirani

Daftari la Ardith Lindgren lilikuwa na kurasa sitini na saba, ukurasa mmoja kwa kila mwakilishi wa Baraza la jimbo. Juu ya kila ukurasa aliandika jina. Chini yake aliandika, kwa maneno ya mwenyewe, sababu ya kuukubali au kuukataa mswada wa leseni. Wenzake walimcheka. Walidhani ni orodha ya kura, wakati orodha ya kura angeweza kuitunza kichwani. Ardith alitaka kujua kwa nini. Ndivyo alivyoumbwa. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, na hata watoto wa darasa la kwanza walishuka kwenye basi lile wamekwisha kuulizwa maswali kumi.

Mswada wenyewe ulikuwa wake, na alikuwa anaupigania mwaka wa nne sasa. Ulisema mtu yeyote akifaulu mtihani wa udereva na akakata bima, apewe leseni, awe na karatasi za uhamiaji au asiwe nazo. Aliuandika kwa sababu ya kitu alichokiona kupitia kioo cha basi: akina mama wa mashamba ya ng'ombe wakitembea na watoto pembezoni mwa barabara kuu, theluji magotini, gari zima kabisa limeachwa nyumbani kwa kuogopa polisi.

Sababu za wenzake zilimshangaza. Gayle Hofstad, Mrepublikani muuza bima, aliukubali: "Asiye na leseni hanunui bima, mama. Akikugonga utamdai nani?" Duane Pruitt, Mdemokrati mwenzake aliyekata nyama kiwandani miaka thelathini, aliukataa. Alisema wenye viwanda wataleta watu wa bei rahisi zaidi, na mshahara wa watoto wake ndio utakaokatwa. Socorro Villaseñor wa mjini aliukubali huku amenuna, maana kadi hiyo ingekuwa na mstari mwekundu wa kumtambulisha mwenye nayo kuwa hana karatasi za uhamiaji. "Mnawapa leseni na kuwapiga muhuri kwa mkono uleule," alimwambia Ardith usoni. Naye Kip Brandvold, kijana wa tai nyembamba, aliukataa kwa sauti ya kusikika mpaka maegesho ya magari. Kwake leseni ilikuwa mwaliko, na aliyeingia bila kubisha hodi hapewi mwaliko.

Ukurasa mmoja tu ulikuwa mtupu, na kilichomkera Ardith ni kwamba ulikuwa wa mtu aliyekaa naye meza moja.

Verlyn Tasker alikuwa Mrepublikani wa kaskazini, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mia mbili na arobaini, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Miaka kumi na moja iliyopita waliokota namba za viti kofiani, na bahati ikawakalisha pamoja. Hawakupatana juu ya kodi, wala shule, wala bunduki. Hata hivyo droo ya katikati ilikuwa yao wote wawili, na Verlyn aliijaza peremende za karameli kila Jumatatu. Alimwita Ardith "dereva." Ardith alimwita "mzee wa maziwa," ingawa walizidiana miaka miwili tu.

"Verlyn, ukurasa wako," Ardith alimwambia asubuhi ya siku ya mwisho ya kikao.

"Andika kwamba theluji mwaka huu ni nyingi."

"Uliniambia hivyo juzi."

"Na juzi ilikuwa nyingi."

"Huko kwenu umewagawia watu vikaratasi vimeandikwa *Leseni kwa raia tu*. Niandike hicho?"

Verlyn alimenya peremende, akaitia mdomoni, akawa na shughuli ya kuinyonya. Ardith alimjua kwa mambo yote. Alijua goti lipi linamsumbua, na kwamba mkewe Noreen anamkataza siagi naye anaila kwa siri kantini. Hili moja tu alipigwa chenga, na lilimwasha mwili mzima kama shati la sufu.

Hesabu ilikuwa imesimama hivi: thelathini na watatu walikuwa wanaukubali, thelathini na watatu wanaukataa. Aliyebaki alikuwa ananyonya peremende.

Sasa, katika Baraza lile kila mwakilishi ana vitufe viwili mezani, cha kijani na chekundu. Kanuni zinasema kila mtu abonyeze vyake. Mazoea yanasema vingine. Jirani akitoka, akaenda msalani au kupokea simu, wewe unanyoosha mkono na kumbonyezea, na Spika anatazama dari. Lakini mazoea hayo yana sheria yake, nayo ni kali kuliko za kitabuni: unabonyeza anachotaka yeye, si unachotaka wewe. Ardith aliwahi kubonyeza kijani kwake na chekundu kwa Verlyn kwa dakika moja, kwa mkono uleule, roho ikimuuma. Aliyewahi kumwibia jirani yake kura alikaa miaka sita bila mtu wa kula naye chakula cha mchana, mpaka akastaafu.

Saa tisa alasiri mjadala ulifungwa. Spika, mama mmoja mwembamba aliyependa mambo yaishe, aligonga nyundo na kutangaza kura ya mswada wa leseni. Wana dakika moja.

Verlyn akasimama.

"Unaenda wapi?" Ardith alinong'ona.

"Nibonyezee, dereva."

"Nibonyeze nini?"

Lakini mzee alikwisha kugeuka. Alitembea kwenye njia ya katikati kwa lile goti lake, akausukuma mlango na kutoka.

Ardith alibonyeza kijani chake. Ubaoni jina lake likawaka. Majina yote yakawaka moja baada ya jingine, kijani, nyekundu, nyekundu, kijani, likabaki la Tasker peke yake limezimika. Saa ya ukutani ilisoma sekunde arobaini. Vitufe vya Verlyn vilikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye mkono wake.

Nani angejua? Angebonyeza kijani, mswada ungepita, na wale akina mama wangeendesha magari yao wiki ijayo. Juu ghorofani, kwenye viti vya wageni, waliketi wanawake watatu wa wilaya yake. Walikuwa wamesafiri usiku kucha kwa gari la mtu ili waone. Mmoja alikuwa ameufumba mdomo kwa mkono. Miaka minne!

Sekunde ishirini. Alijiuliza swali moja tu: mtu huyu anataka nini? Alitafuta jibu katika peremende, katika ukimya, katika miaka kumi na moja, asilipate. Kitu pekee Verlyn alichowahi kukisema kwa kinywa chake ni kile kikaratasi.

Sekunde tano. Ardith alinyoosha mkono na kubonyeza chekundu.

Thelathini na watatu kwa thelathini na wanne. Mswada ukaanguka. Upande wa Brandvold walipiga meza, na mtu akapiga mluzi. Ardith hakutazama juu walikokaa wageni, hakuthubutu. Aliinuka akatoka kwa hasira, naye hajui amkasirikie nani.

Alimkuta Verlyn koridoni, mbele ya mashine ya kahawa. Kikombe kilikuwa kimejaa na mvuke umekwisha. Mlango ule ni mnene, na kelele zikisikika nje hazisemi ni za nani.

"Mswada umepita?" Verlyn aliuliza, na usoni kulikuwa na kitu kama tabasamu.

"Umeanguka. Kwa kura moja."

"Kura ya nani?"

"Yako, mzee. Nimekubonyezea chekundu."

Verlyn akaweka kikombe chini taratibu. "Kwa nini umefanya hivyo?"

"Kwa nini? Umeniambia nikubonyezee, nimebonyeza ulichowaambia watu wako! Ulitaka nifanye nini?"

Hapo Ardith akaelewa. Akaelewa lile tabasamu, na ile kahawa isiyonywewa, na kwa nini mtu mwenye goti bovu atembee mwendo wote ule bila haja yoyote.

"Wewe," alisema polepole. "Ulitoka ili niibe. Mswada upite kwa kidole changu, kisha huko kaskazini uwaambie ni yule mwanamke wa basi aliyekuibia kura."

"Nilijua unautaka sana."

"Naam, nautaka. Ndiyo maana ukadhani mimi mwizi? Miaka kumi na moja, Verlyn! Nimekubonyezea mambo yaliyonikosesha usingizi, sijakuibia hata mara moja!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Karani aliyekuwa anapita na mafaili aligeuza njia. Ardith alivuta pumzi. Hasira ilikuwa pale bado, lakini chini yake kulikuwa na lile swali la asubuhi, na halikuwa limekwenda popote. Kwa Ardith maswali huwa hayaendi popote.

"Niambie kwa nini," alisema. "Kama uliutaka upite, kwa nini?"

Verlyn aliegemea mashine. "Kuna kijana anakamua kwangu. Evaristo. Ana miaka tisa pale, ng'ombe wanamjua kuliko wanavyonijua mimi. Januari nilikuwa huku kikaoni, Noreen akaanguka jikoni. Gari la wagonjwa likakwama kwenye theluji. Evaristo akamtia kwenye pikapu yangu, akaendesha maili hamsini na tano juu ya barafu. Noreen anasema alishika usukani kwa mikono miwili njia nzima, kama mtu anayefanya mtihani."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Alipofika hospitali kulikuwa na gari la polisi mlangoni. Akamshusha Noreen, wauguzi wakampokea. Yeye hakuingia. Alikaa garini nyuma ya jengo, injini amezima asionekane, mpaka nilipofika mimi. Masaa manne, dereva. Baridi ya kuua ndama. Nilipofungua mlango, hakusema baridi wala nini. Aliniuliza, bosi, mama yu hai?"

"Na baada ya hapo ukagawa vikaratasi."

"Baada ya hapo nikagawa vikaratasi," Verlyn alisema. "Yeye ndiye aliyenisaidia kuvipakia garini."

Ardith alitaka kumhurumia na kumzaba kofi, yote kwa wakati mmoja.

"Kanuni ya arobaini na moja," alisema mwishowe.

"Naijua."

Kila mtu pale aliijua. Kura ikishapigwa, anayeweza kuomba irudiwe siku hiyohiyo ni mtu wa upande ulioshinda, wala si mwingine. Ardith alikuwa ameshindwa, kwa hiyo mdomo wake umefungwa. Lakini jina la Tasker lilikuwa limewaka jekundu ubaoni pamoja na washindi.

"Kijani cha kidole chako ningeweza kukimeza," Verlyn alisema. "Hili ni kusimama na kipaza sauti. Brandvold ana mtu wake tayari wa kunipinga kwenye mchujo wa chama, Juni. Nikisimama nimekwisha."

"Sijakuomba usimame. Nilikuwa nauliza tu." Akarudi ndani.

Spika alikuwa amefikia shukrani kwa wapishi wa kantini, dalili kwamba kikao kinakaribia kufungwa. Ardith aliketi. Alilifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akalifunga. Aliusikia mlango ukifunguka nyuma yake, kisha lile goti likija, hatua nzima na hatua nusu. Verlyn alifika mezani lakini hakukaa.

"Mheshimiwa Spika."

Spika alimtazama juu ya miwani. "Mheshimiwa Tasker. Kwa jambo gani?"

"Naomba kura ya mswada wa leseni irudiwe. Nilikuwa upande ulioshinda."

Brandvold akaangua kicheko. "Mzee, tumeshinda! Kaa chini ule peremende zako!"

"Nimekula za kutosha," Verlyn alisema. "Kura iliyowaka pale ni makosa, na makosa ni yangu mimi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa."

Hakumtazama Ardith, na Ardith hakumtazama yeye. Kanuni ikasomwa, kelele zikapigwa, nyundo ikagongwa mara tano, na Spika akaamua kwamba ombi ni halali. Dakika moja ikaanza upya.

Brandvold aliinama kutoka meza ya nyuma mpaka pumzi yake ikawafikia. "Juni tutaonana, Tasker."

"Nipo shambani," Verlyn alijibu bila kugeuka. "Njoo alfajiri, utanikuta nakamua."

Majina yakawaka. La Ardith likawa la kijani. La Tasker likabaki limezimika, na saa ikasoma arobaini, ikasoma thelathini. Mkono wa Ardith, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, ulianza wenyewe kwenda upande wa jirani.

"Acha," Verlyn alisema. "Hiki changu."

Ardith akaiweka mikono yake yote miwili mapajani na kuikalisha pale. Kidole kile kinene cha mfugaji kilitua kwenye kitufe cha kijani, kikakaa juu yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ubaoni jina likawaka. Juu ghorofani mwanamke mmoja alilia kwa sauti, na Spika hakumkataza.

Verlyn alijitupa kitini. Ghafla alionekana mzee kweli. Alivuta droo, akatazama peremende, akairudisha bila kuchukua hata moja.

"Haya, lete hilo daftari lako," alisema.

"Niandike theluji?"

"Andika kwamba Evaristo alingoja nje."