Kamera ya Kumwonyesha Opondo

Musimbi aliingia katika duka la Lusweti, ukingoni mwa Soko la Toi, akiwa amekwisha kukata shauri. Alitaka kamera ndogo, ile inayozama katika kiganja kama kipande cha sabuni, kwa kuwa alikuwa amekipanga kisasi chake jinsi mwizi apangavyo safari yake: aingie asionekane, achukue, atoke. Aliyekusudiwa alikuwa Opondo wa Kawangware, mpiga picha, mtu aliyemwajiri kwa miaka sita na kumfundisha kazi yote aliyoijua.

"Sasa, dada," Lusweti alimsalimu. "Leo umekuja kununua, au kunipumulia vioo kama kawaida?"

"Nimekuja kununua. Nipe ile ya mfukoni."

Lusweti aliitoa, lakini kando yake akaweka nyingine, kubwa, nyeusi, yenye lenzi ndefu kama mchi. Ilikuwa kamera ya kitaalamu, ya aina hizi mpya zisizo na kioo ndani, ambayo Musimbi alikuwa ameitamani tangu mwaka uliopita.

"Ile ndogo unataka kumpigia nani?"

"Mtu mmoja."

"Akijua, asijue?"

"Asijue."

"Aa! Basi ni mume."

"Ningekuwa na mume ningetumia mwiko, si kamera."

Lusweti alicheka hadi akakohoa. Kisha alizichukua kamera zote mbili, akasimama mlangoni, akampiga picha muuza mashati wa ng'ambo ya njia, mara moja kwa kila kamera. Aliziingiza picha katika kompyuta yake na kuanza kuzikuza. Ile ya kamera ndogo ilipendeza mwanzoni. Ilipokuzwa, vifungo vya shati viliyeyuka, uso ukawa uji. Ile ya kamera kubwa ilikuzwa, ikakuzwa tena, na bado uzi mmoja uliochomoza kwenye kola ulionekana umesimama peke yake.

"Hii ndogo itakwambia kulikuwa na mtu," alisema Lusweti. "Hii kubwa itakwambia alikunywa chai ya maziwa."

"Lakini kubwa haifichiki."

"Kwani ni lazima ujifiche?"

Musimbi aliigeuza ile kamera ndogo kiganjani. Swali lile lilimwingia kama mwiba, likamrudisha mahali ambapo hakupenda kurudi.

Miaka mitatu nyuma, Opondo alikuwa amempiga picha mama yake Musimbi, Bi Kageha, mwanakwaya wa Laini Saba, Kibera, mwanamke aliyepiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Alimwambia kwamba ni picha ya kwaya. Alimketisha kando ya mtaro, akamwomba avue kilemba, kisha viatu, halafu akampaka tope miguuni kwa mkono wake mwenyewe, eti rangi zipatane. Musimbi alikuwapo. Yeye ndiye aliyeshika kile kitambaa cheupe kilichotandwa katika duara la waya, cha kurudisha mwanga usoni mwa mtu. Bi Kageha alimtazama binti yake mara moja tu, kama anayeuliza, naye Musimbi akaitikia kwa kichwa: ni sawa, Mama.

Picha ilikwenda ng'ambo, ikapata tuzo, ikarudi ikiwa kalenda. Chini yake paliandikwa: *Mwanamke Asiye na Kesho*. Kalenda ilitundikwa katika ofisi ya kanisa, na Bi Kageha aliiona siku aliyokwenda kuchukua funguo za stoo ya kwaya. Hakuimba tena. Alisema goti linamsumbua. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Daktari alisema ni moyo, na Musimbi hakuwa na ugomvi na daktari. Mazishini Opondo alileta shada la maua, akamwambia mfiwa, "Mama ameacha jina. Picha yake imefika mbali." Musimbi alinyamaza. Opondo akaondoka akiamini kwamba kimya kile kilikuwa shukrani.

Sasa, akiwa amesimama mbele ya kamera mbili, Musimbi alikumbuka jambo moja la kazi yao ambalo kila mpiga picha hulijua na hakuna alisemaye: mpiga picha hana picha. Opondo alikuwa na picha elfu za watu wengine, wala hakuwa na moja nzuri ya kwake akiwa kazini. Na Opondo alijipenda.

"Nipe kubwa," alisema.

Siku ya pili yake alikwenda Kawangware, upande uitwao Kongo, ilipokuwa studio ya Opondo, kamera ikining'inia kifuani waziwazi kama medali. Opondo aliiona kabla ya kumwona mwenyewe.

"Niaje, Musimbi! Umepata mashine! Umeiba wapi?"

"Nimefanya kazi, mwalimu."

Neno *mwalimu* lilimlainisha kama mafuta ya taa katika bawaba. Alimpa kiti, akamwagizia soda, akamweleza bila kuulizwa kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata angeadhimisha miaka kumi ya studio. Ukumbi wa nyuma ungejaa picha zake zote mashuhuri. Wageni wangetoka ubalozini. Wanawake wa Laini Saba aliowapiga picha nao walikuwa wamealikwa, kwa kuwa wageni hupenda kuwaona wenyewe.

"Na picha yako wewe?" Musimbi aliuliza.

Opondo alikuna kidevu. "Mimi niko nyuma ya lenzi siku zote."

"Hiyo ndiyo niliyokuja kukupa. Zawadi ya mwanafunzi. Nikupige ukiwa kazini, huko huko kwetu Laini Saba. Unampiga nani wiki hii?"

"Bibi mmoja muuza omena. Awiti."

"Namjua," alisema Musimbi, na kweli alimjua; walipanga vyumba katika ploti moja.

Jioni hiyo alimkuta Awiti nje ya mlango wake akisugua visigino kwa jiwe, kama alivyofanya kila siku baada ya kutoka kuuza dagaa wake sokoni. Wajaluo wa ploti walimwita Dani, yaani bibi, na Musimbi naye alimwita hivyo ingawa alikuwa Mmaragoli. Alimweleza kila kitu, hakuficha hata kitu kimoja isipokuwa kile kitambaa cheupe.

"Kwa hiyo mimi ni chambo," alisema Awiti.

"Ukikataa, Dani, nitaacha."

"Nani amesema nakataa? Uso wangu utatoka?"

"Miguu tu."

"Miguu yangu haijawahi kumkimbia mtu. Ipige." Alisugua kidogo, kisha akaongeza, "Mama yako alinifundisha sauti ya pili. Tangu aondoke naimba kama debe."

Siku ya kupiga picha jua lilikuwa la asubuhi, laini, likipita juu ya mabati ya Laini Saba. Awiti alikuja amevaa viatu vyake vya Jumapili, soksi nyeupe na kilemba cha kwaya, cha buluu chenye ukingo mweupe. Opondo alimtazama kama fundi aangaliaye ukuta uliopinda.

"Mama yangu, umependeza mno. Tutapunguza kidogo."

Alimvua kilemba. Alimvua kiatu kimoja na soksi moja. Kisha akavuta beseni la tope alilokuwa amelikoroga mwenyewe, akaangalia suruali yake, akaiangalia ardhi, na bila kufikiri akakitandika kile kilemba chini na kupiga goti juu yake. Mkono wake uliingia katika beseni, ukatoka, ukapanda juu ya kisigino cha Awiti.

Musimbi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, kamera jichoni. Aliyaona yote: tope kati ya vidole, kisigino kilichosuguliwa kiking'aa kama yai, ukingo mweupe wa kilemba ukitokeza chini ya goti. Angeweza kusema, "Mwalimu, umekipigia goti kilemba cha huyu mama." Mtu mwema angesema. Musimbi alishusha pumzi, akangoja Opondo ainamishe kichwa, na kamera haikutoa hata mlio.

Usiku haujaingia, alimtumia Opondo ile picha kwa simu. Katika kioo cha simu, chenye upana wa vidole viwili, alionekana mwanamume amepiga goti mbele ya mwanamke mzee, kichwa chini, beseni kando, mguu wa mama mikononi mwake, na nuru ya asubuhi imemzunguka.

Opondo alipiga simu papo hapo. "Musimbi! Naonekana kama naosha miguu! Kama Alhamisi Kuu!"

"Ndivyo ulivyo, mwalimu."

"Hii ndiyo itakuwa katikati. Iandikwe *Mtumishi*. Mchapishaji wangu anachapa hadi mita mbili. Faili yako itafika?"

"Itafika," alisema Musimbi. "Ndiyo sababu niliinunua."

"Niikague tena kabla haijachapwa?"

"Umeshaikagua."

"Kweli. Nimeshaikagua."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ukutani walikuwa wamepangwa akina mama wa Laini Saba, kila mmoja peku, kila mmoja na maneno ya huzuni chini ya kidevu, na Bi Kageha karibu na mlango. Katikati palikuwa na pazia jekundu. Opondo, katika suti mpya, alisema machache juu ya unyenyekevu, akalivuta pazia mwenyewe.

Wageni walipiga makofi wakiwa wameketi. Wanawake wa Laini Saba hawakupiga. Walinyanyuka, wakasogea. Mtu aliyezoea kununua mitumba hutazama mshono kabla ya kutazama rangi, nao wakaitazama picha ile ya mita mbili kama watazamavyo koti la Toi: pindo kwanza, kisha kwapa, kisha mahali palipofichwa.

Aliyeanza alikuwa Christine, kiongozi wa kwaya. "Baba Opondo, hicho ulichopigia goti ni nini?"

"Wapi?"

"Chini ya suruali yako. Kitambaa cha buluu."

Opondo aligeuka kuitazama picha yake, na kwa mara ya kwanza akaiona. Hapakuwa na mahali pa kuificha. Kila uzi wa ukingo ulihesabika.

"Hicho ni cha kwaya," alisema mwanamke mwingine.

"Ni changu!" Awiti alikuwa amekwisha kufika mbele. Alivua kiatu, akauinua mguu juu ya kiti pembeni mwa picha, kisigino kikiwaelekea wageni. "Na hiki hapa ndicho kisigino. Kiangalieni, kimesuguliwa. Haya, wasomi, nisaidieni: huyu bwana ananiosha au ananichafua?"

"Tope linapanda," alisema Christine. "Mwoshaji huteremsha."

"Beseni zima ni tope!"

"Maskini, maji yalikuwa yameadimika Kibera, akatuosha kwa uchafu!"

Kicheko kilipasuka, kicheko kikali kisichokuwa na furaha. Mgeni mmoja wa kike alisogea, akavaa miwani, akakisoma kisigino, halafu akageuka akaanza kuzisoma zile picha nyingine ukutani, mguu kwa mguu.

"Mama zangu, ni sanaa," alisema Opondo. "Ni kupatanisha rangi tu."

"Sanaa iliniambia nitoe meno ya bandia," alisema bibi mmoja kutoka nyuma.

"Mimi iliniambia nimfikirie mume wangu marehemu. Wakati huo alikuwa nyumbani anakula!"

Opondo alimtafuta Musimbi kwa macho, akampata. "Umenifanyia nini?"

"Nimekupiga picha," alisema Musimbi. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimpendeza mwenyewe kuliko alivyotarajia. "Uliichagua wewe. Ukaipa jina wewe. Mita mbili ulizitaka wewe. Mama yangu hakuulizwa hata moja kati ya hayo."

"Yaani ni kwa ajili ya *hilo*?"

"Ni kwa ajili ya hilo."

Musimbi alimtazama Opondo akitafuta mahali pa kuweka mikono yake, na hakumhurumia. Alikuwa ameingoja sura ile miaka mitatu, akaila yote, polepole, kama mtu alaye mfupa.

Kisha Christine aliiondoa picha yake ukutani. Hakuomba ruhusa. Mwingine akafuata, na mwingine, hadi kuta zikabaki na misumari, na katikati akabaki *Mtumishi* peke yake juu ya goti lake. Opondo alilishika pazia kulirudisha. Lilikuwa limechomoka kwenye pete zake, likamwangukia mabegani.

Musimbi alikwenda mlangoni kumchukua mama yake. Fremu ilikuwa nzito, na Awiti akaja kushika pembe ya pili. Waliishusha pamoja. Musimbi hakuwahi kuitazama picha hiyo kwa karibu; katika kalenda ilikuwa ndogo, na baadaye aliikwepa. Sasa uso wa Bi Kageha ulikuwa shibiri moja kutoka kwenye uso wake, mkubwa kuliko wa mtu, na ndani ya mboni za macho, zote mbili, palikuwa na duara jeupe. Nyuma ya duara lile alisimama msichana, mikono ameinyosha, kichwa amekiinamisha kidogo, akiitikia.

"Mbona husogei?" Awiti aliuliza.

"Dani, huyu hapa machoni mwake ni mimi."

Awiti aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, jicho la kwanza, kisha la pili, kama alivyokuwa ameutazama mshono wa *Mtumishi*.

"Wewe ndiye uliyemshikia mwanga."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Nje, wanawake walikuwa wameanza kuteremka barabara kuelekea Kibera, fremu zikiwa vichwani, mmoja akianzisha wimbo. Awiti aliusikia, akajifunga kilemba chake upya, akakaza fundo.

"Basi utambeba mwenyewe," alisema, akaiachia pembe ya fremu, akatoka kuwafuata wenzake.