Kipigio cha Kumi na Moja

...tulia, namwambia, usitikise, kikipoa kimekaa vibaya itabidi turudi kwenye birika tuanze upya, naye anacheka, anasema shemeji unanishika kama daktari wa ng'ombe, haya, basi ng'ombe na atulie, nimelibana gumba lake kwa viganja vyangu viwili na juu yake kuna kipigio cha gitaa nilichokitoa kwenye maji ya moto sasa hivi, pete ya gumba yenye ulimi wa kuchapia nyuzi, plastiki bado laini, pete inajikunja taratibu kufuata mfupa, na mfupa wenyewe naujua kuliko ninavyoujua uso wangu, hapa chini uko sawa, hapa katikati pana fundo, kisha kutoka kwenye fundo unakwenda upande, na ncha haikunjiki, haijakunjika tangu mwaka sitini na nane, miaka kumi na moja sasa, gumba la Estill Latham, gumba lililokuwa likijaza watu nje ya duka la kinyozi kila Jumamosi, wachimba makaa ya mawe wameacha bafu na sabuni wamekuja na nyuso nyeusi vilevile wasipitwe, na yeye ndani kakaa kwenye kiti cha wateja anatwanga besi kwa gumba moja utadhani wako wawili... dakika nne, kikitoka kwenye maji kinataka dakika nne za mikono isiyotikisika, anaongea habari za nyanya za Oleta, kwamba baridi ya juzi imezichoma, Oleta ni mkewe, ni dada yangu, namwitikia mh, mh, kumbe sisikii nyanya wala nini, nasikiliza plastiki inavyokaza chini ya vidole vyangu, hiki ni cha kumi na moja, miaka mitano ya Alhamisi za kujaribu na kurekebisha, na kuna jambo niliapa. Kila upigaji una ulimi wake, hilo nimejifunza kwa tupa na msasa, hakuna aliyenifundisha, mpigaji wa huku kwetu anayelaza kiganja juu ya nyuzi azizime nusu huku gumba linatwanga besi mbele nyuma, mbele nyuma, huyo anataka ulimi mrefu, mnene, mgumu, ukipinda tu besi inalia kama kopo, mtu wa mbio anayeubana ulimi kwa gumba na kidole cha shahada akachomoa wimbo uzi kwa uzi anataka mfupi wenye ncha, na kina mama wa kanisani wanaochapa nyuzi zote sita kwa pamoja wanataka mpana, mwembamba, unaolegea, usiwafunike waimbaji, hayo matatu nakata nimefumba macho, ninayo kwenye makopo matatu pale rafuni, lakini gumba lililopinda halimo kwenye kopo lolote, hilo lilitaka kipigio ambacho hajawahi kukitengeneza mtu, ulimi uangalie kushoto ilhali kidole kinaangalia kulia, na pete iwe na tundu pembeni fundo lipumue, na sikuanza kwa kubahatisha, nilianza kwa kusoma, maana mtu akinirudishia kipigio kikuukuu simuulizi alipigaje, nakiangalia kimelika wapi, ulimi haujui kudanganya.

"Jana nimepiga mpaka dada yako kanitishia mwiko," anasema, "saa nzima, shemeji, besi imesimama kabisa," nami moyo unaruka, kweli unaruka, mtu mzima na mvi zangu, nasema saa nzima, anasema saa nzima, kasoro ile sehemu ya kushuka tu ndiyo bado inateleza, na hiki kipya ndicho kitaimaliza, Jumapili kanisani wanachoma kondoo, wamemwomba apige, ananiangalia kidogo kisha anaangalia dirishani... na mimi nahesabu, Jumapili, siku tatu, kwa sababu niliapa, akiupiga wimbo mzima mwanzo mpaka mwisho mbele yangu, siku hiyohiyo nitamwambia, si kabla, nitamwambiaje mtu nilikuvunja ilhali bado amevunjika, kwanza nimrudishie kitu chake mkononi ndipo nifungue mdomo, ahadi hiyo nimejiwekea mwenyewe, miaka mitano naibeba, na usiku mwingine nikikohoa nafikiri wewe Corbett Shull, siri hii utakufa nayo, utazikwa nayo, mchungaji atasimama aseme ulikuwa mtu mwema. Haikuwa breki mbovu. Mwanzoni wote walisema breki, hata mimi nilisema breki, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimeishika, kule chini, kwenye mteremko wa handaki la saba, kigarimoshi kimesimama, yeye kaingia katikati ya mabehewa atie pini ya kuyaunganisha, kazi yangu moja tu, mkono kwenye breki, mkono utulie, na asubuhi ile kwenye chumba cha kuvalia alinionyesha besi mpya tuliyokuwa tunaitayarisha kwa dansi ya Jumamosi, akanipigia gumba kwenye benchi, sikia, Corbett, mbili juu, moja chini, usiharakishe ya chini, mimi gumba langu lilikuwa zito siku zote, sikuwahi kumfikia, nikashuka nayo shimoni kichwani, na pale gizani, nimeshika breki, gumba langu likaanza, lenyewe, mbili juu, moja chini, kwenye kile kikamato kinachoifunga breki, mbili juu, moja chini, na nilikuwa naipata, Mungu wangu, ndicho nisichoweza kujisamehe, nilikuwa naipata vizuri, nilikuwa nafurahi, kikamato kikaachia, mabehewa yakasogea shibiri moja, shibiri moja tu, na hakupiga kelele, alisema Corbett, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuita mkale. Mkaguzi akaikuta breki nzima, akaandika mkono uliingizwa mapema. Na hospitalini, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, Estill mwenyewe akaniambia, "Niliharakisha, shemeji, nilitaka tuwahi kula," na Oleta amekaa pale na mkoba wake mapajani ananiangalia mimi, kaka yake, na mimi nikatikisa kichwa kukubali, ndiyo, uliharakisha, nikatikisa kichwa tu, na kwa kichwa hicho kilichotikisika yeye amejilaumu miaka kumi na moja.

Dakika mbili bado, labda moja na nusu, anauliza kama Oleta alinipigia simu kuhusu mbegu, nasema hapana, macho yangu yameshuka kwenye meza, kwenye kipigio cha kumi alichonirudishia leo, alikitupa pale alipoingia, pembeni ya jiliwa ninalobania kazi, jua la dirishani limekilalia, sijakisoma bado, nilikuwa na haraka ya maji yasipoe, sasa nakisoma kwa mbali bila kukigusa, na kimelika vilevile, bapa, kama cha tisa, kama cha nane, vyote hulika bapa mbele, na nilishalielewa hilo zamani, kiungo hakikunjiki ndiyo maana ulimi mzima unaburuzika sawasawa badala ya kuuma kwa pembe, kwa hiyo cha tatu nikakigeuza ulimi, cha nne nikakifupisha, cha sita nikakipa mgongo mnene, cha tisa nikakichonga pembe ya ndani ili lazima ianze yenyewe kulika, haiwezekani isianze yenyewe... na haikuanza. Mbona haikuanza? Nyuzi za besi zimezungushiwa waya, waya huuma ulimi mshazari, huacha meno madogomadogo ya kitana upande mmoja tu, upande unaoingia, upande unaotoka hubaki unang'aa, hata mtu akipiga kwa kiwiko ni hivyo, hata akipiga kwa mguu, na hiki kimelika pande zote mbili, kimefifia, mistari yake imenyooka kukingama ulimi kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye ule mfereji mdogo chini ya pete kuna vumbi, jeupe, si la plastiki, la plastiki ya hiki ni la kahawia, mimi ndiye niliyeikata, hili ni jeupe la kijivu, hili ni saruji. Saruji. Ile ngazi ya mlango wa nyuma, ngazi mbili tulizozimwaga mimi na yeye mwaka aliomwoa Oleta. Namwona. Jumatano mchana, Oleta yuko kwenye nyanya zake, mtu mzima amekaa kwenye ngazi anasugua ulimi wa kipigio kwenye saruji, anauinua kwenye mwanga, anaona bado mpya mno, anasugua tena, anapuliza vumbi, anatia mfukoni, kesho ni Alhamisi. Na mimi nimekuwa nikilisoma hilo kwa kioo cha kukuzia! Nimeandika kwenye daftari, nimechora, nimeamka usiku kuwasha taa ya banda, kumbe miaka mitano natengeneza kipigio kinachoifaa ngazi, nimegeuza ulimi kwa ajili ya ngazi, nimetoboa pete ngazi ipumue, na ningekuwa peke yangu hapa ningecheka mpaka kifua kikatike, lakini nimeshika mkono wake, na mkono una joto.

Basi hajapiga. Si jana, si saa nzima, wala hakuna mwiko, yanakuja yenyewe sasa, Krismasi alikuwa na mafua, mwaka jana kwenye kondoo wa kanisani uzi ulikatika kabla hajakaa, na siku zote bado hakijazoea, shemeji, nipe wiki mbili kizoee, miaka mitano sijamsikia akipiga hata robo ya wimbo na sikujiuliza, mimi, ninayejisifu nasoma ulimi, Oleta aliniambia mwaka juzi gitaa liko chini ya kitanda pamoja na mablanketi ya baridi, nikasema sawa, ndiko linakolala, akanitazama kisha akaendelea kumenya viazi, naye anajua, wote wawili wanajua, na nani alianza habari ya vipigio, mimi nilidhani ni mimi, hapana, kumbuka vizuri, alianza yeye, mgodi umefungwa, kifua changu kimeharibika, nimekaa humu bandani mapazia yameshuka sili wala sinyoi, akaja akanyoosha hiki kidole mbele ya macho yangu akasema unayejua kushika tupa, hebu nitengenezee kitu, gumba linataka kazi, nikainuka siku ile, nikafungua pazia nione fundo vizuri, nikala jioni yake, mh, Estill, kumbe gumba halikutaka kazi, kilichokuwa kinataka kazi ni mimi. Kanidanganya Alhamisi baada ya Alhamisi. Na mimi nimemdanganya tangu hospitali, lakini uongo wetu haulingani, haukaribiani hata kidogo, wake aliusugua kwenye saruji kwa mkono mbovu ili mimi nipate cha kuamkia, wangu nilimwachia yeye lawama ili mimi nipate usingizi. Anajua? Anajua la breki? Hapana, mtu anayejua hawezi kukupa mkono huohuo uushike, kila wiki, anachekacheka, akupe na habari za nyanya... au anaweza, sijui, mimi simjui mtu huyu, nalijua gumba lake tu. Na ile ahadi yangu, akipiga wimbo mzima ndipo nimwambie, nilijiwekea vizuri sana, loo, nilichagua siku ambayo haipo. Hatapiga. Gumba halitakunjika, hata nikitengeneza mia, na moyoni nililijua hilo tangu cha pili, au cha kwanza, nilitaka tu tupa iendelee kulia ili mdomo ukae kimya. Jumapili uzi utakatika tena. Alhamisi atarudi na hiki kimesuguliwa bapa, na nikikipokea nikakisoma na kutikisa kichwa, sasa sitakuwa na pa kujificha, nitakuwa nakitikisa mara ya pili huku najua. Kwa hiyo ni leo. Ni hapahapa, nikishaachia tu, nikishaufungua mkono nitakuwa sina kingine cha kufanya kwa hivi viganja, nitamwangalia usoni niseme Estill, hukuharakisha, maneno mawili, hayana uzito wowote mdomoni, hukuharakisha, nayajaribu kwa ulimi bila sauti, kisha hilo la pili, kwamba nilikuwa napiga besi, kwamba nilikuwa naifurahia, na baada ya hapo sijui kama atakaa au atachukua kofia yake, sijui Oleta nitamwangaliaje, sijui Alhamisi ijayo hii meza itakuwa na nani. Estill ameinua uso. Ananiangalia, kisha anaangalia meza, kipigio cha kumi pale juani, kisha ananiangalia tena, na simwoni akicheka.

"Hakijapoa tu, shemeji?" anauliza taratibu.

Bado, namwambia, bado kidogo, na plastiki imeshapoa zamani, nimelishika gumba lake.