Uvimbe Ndani ya Jagi

Saa nne asubuhi, fundi wa mashine ya CT alikuwa akichora kwa kipanya mzingo wa uvimbe uliokuwa kwenye ini la Mama Bweni, matroni mstaafu wa shule ya bweni. Mashine ilikuwa imelikatakata tumbo lake katika picha nyembamba kama vipande vya mkate, na kila kipande kilitaka mstari wake. Alipoufunga mstari wa ishirini, uvimbe ulitoka kwenye skrini, ukashuka mezani, ukakaa kando ya kibodi. Ulikuwa vuguvugu. Mfagizi alimwomba fundi autandikie gazeti, maana meza ilikuwa imefutwa sasa hivi.

Siku hiyo ilikuwa ya hukumu. Kwa kanuni ya hospitali, uvimbe usiopungua upana kwa miezi mitatu hukatiwa dawa. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha upana. Daktari, ambaye wodi zote zilimwita Rula, alikwisha kupima: sentimita sita, kama mwanzo.

Fundi alijaza jagi maji, akautumbukiza uvimbe. Ulizama bila ubishi. Maji yalipanda kwa mililita arobaini. Miezi mitatu nyuma, kompyuta ilikuwa imehesabu mia moja na kumi. Uvimbe ulikuwa umenywea, ukabaki bapa kama kisahani: upana ule ule, mwili hakuna.

Aliubeba na jagi lake hadi ofisini kwa daktari, Mama Bweni akifuata. Daktari aliutazama, akaeleza kwa upole kwamba fomu haina kisanduku cha maji.

"Mwanangu," Mama Bweni alisema, "nilikufulia mashuka mpaka kidato cha pili. Makavu na mabichi, upana wake ulikuwa mmoja. Unadhani yaliyolowa nilikuwa nikiyajua kwa rula?"

Fundi akaangalia dari. Uvimbe nao, kwa adabu, ukageukia ukuta.

Daktari alitia sahihi: dawa iendelee. Uvimbe ukarudi ndani ya ini kumalizia kuisha, na Mama Bweni akapita ukumbini na dawa zake mkononi, kidevu juu, kama aliyekagua bweni zima akakuta vitanda vimetandikwa. Wagonjwa wote kwenye benchi wakasimama, hata aliyekuwa na mguu mmoja kwenye plasta.

Fomu ilibaki na kisanduku kimoja. Daktari akamwita anayefuata, mwashi mwenye sentimita saba, ambaye hakuwahi kujuana naye utotoni.