Enda na Amara

Kijijini Kiogoro, mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo hupewa likizo. Anakuwa Mama Jethro, Mama Nyangate, mama wa fulani, na lile jina alilopewa na mchungaji hubaki kwenye daftari la kanisa. Mwaka ule wa 1973 Persis alikuwa na miaka thelathini na sita, na bado vitoto vya jirani vilimwita Persis, waziwazi, kana kwamba ni rika lao. Hilo lilimuuma kuliko magoti, na magoti yenyewe hayakuwa mchezo.

Maana alikuwa mnene. Mimi si mtu wa kumung'unya maneno: alikuwa mnene kupita kiasi. Sisemi ule unene wa kusifiwa, ambao mashemeji wakiuona husema ndugu yetu kweli amemtunza mke. Huo aliupita zamani. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi ilikatika. Sukari ilikuwa imempata. Kutoka mlangoni kwake hadi kisimani, mwendo wa kumwita mtu akaitika, alipumzika mara mbili. Mama mkwe wake, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alisema siku moja mbele ya wageni kwamba huyu amejaza nyama mahali pa watoto. Wageni wakacheka. Persis akacheka nao, kisha akaenda jikoni akalia.

Alikuwa ameolewa miaka kumi na minne. Mumewe, Momanyi, karani wa chama cha ushirika wa kahawa, alikuwa mtu wa maneno machache na viatu safi, na hakuwa ameoa mke wa pili. Kila Krismasi Persis alijiandaa kuambiwa kwamba mke mwingine anakuja. Kila Krismasi hakuambiwa, na kule kungoja kukawa ugonjwa juu ya ugonjwa. Alitaka mtoto mmoja tu, hata awe kilema, ili akae katika nyumba ile kama mwenye nyumba.

Basi mwezi wa pili akasikia kwamba katika hospitali moja ya misheni anakuja daktari Mzungu kutoka Nairobi kila mwezi, fundi wa kupasua watu wanene. Daktari Erik, walimwita. Persis akaenda, Momanyi akamsindikiza, akabaki nje kwenye benchi kama wanaume wanavyobaki.

Daktari Erik alisema Kiswahili cha kitabuni, kizuri ajabu, ambacho Kiogoro hapakuwa na mtu wa kukijibu. Kiswahili cha Persis kilikuwa cha kununulia chumvi na mafuta ya taa. Kwa hiyo akaitwa nesi Marion, msichana wa Nyamira mwenye miaka ishirini na miwili, afasiri.

"Utumbo mwembamba ni mrefu," daktari alisema. "Nitaukata, niunganishe mwanzo wake na mwisho wake. Sehemu kubwa ya katikati itakaa kando bila kazi. Chakula kitapita upesi, na mwili hautawahi kukichukua chote. Ndivyo mtu anavyopungua."

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibiwa na adabu. Kigusii kina neno la utumbo: amara. Lakini amara ni ya mbuzi aliyechinjwa, inayooshwa mtoni na kugombewa na mbwa. Binti mwenye kujua chinsoni, yaani ile heshima na haya ya Kigusii, hamtazami mwanamke aliye sawa na mama yake akamwambia amara zako hivi na vile. Marion alikuwa na chinsoni. Akachukua neno safi: enda. Msomaji wa pwani asidhani anafukuzwa; enda kwa Kigusii ni tumbo. Ni tumbo la chakula, na ni tumbo la mimba pia.

"Daktari anasema atafungua enda," alisema Marion, macho chini, "atengeneze njia."

Persis hakuhitaji neno jingine. Yaliyofuata, ya chakula kupita upesi, ya kuharisha, ya kupimwa damu maisha yote, aliyasikia kama watu wanavyosikia matangazo baada ya mahubiri. Alisema ndiyo kabla hajaulizwa.

Njiani kurudi alimwambia Momanyi, "Atafungua enda yangu."

Momanyi alikohoa, akasema njia ina matope siku hizi.

Daktari hakukubali mara moja. Upasuaji huu, alisema, si wa kila mnene. Aliyezidi kidogo akale mboga na kutembea. Ni wa yule ambaye uzito unamuua na njia nyingine zimemshinda. Akampa miezi sita ya kujaribu: ugali usiozidi ngumi, mboga tele, soda marufuku, ndizi zihesabiwe. Persis alikula chinsaga, yaani mgagani, mpaka akachukia rangi ya kijani. Katika arusi ya binamu yake alikaa mbele ya sahani tupu huku mama mkwe akimuuliza kwa sauti kama chakula cha watu wa pale kina kinyaa. Alipungua kilo tisa. Mwezi wa saba zikarudi saba kati ya hizo, kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani.

Tena palikuwa na neno la mizani. Ya hospitali ilikomea kilo mia na thelathini, na sindano ilifika pale ikagonga. Daktari akasema atafute mizani nyingine. Ndipo Momanyi, bila kuulizwa, akasema ipo moja. Siku ya Sabato, Waadventista wote wakiwa kanisani, karani yule ambaye hakuwahi kukosa kanisa alifungua banda la ushirika, akamshika mkewe mkono, akampandisha kwenye mizani ya magunia ya kahawa. Alisogeza mawe taratibu. Mia moja arobaini na tatu. Alimwambia namba hiyo kwa sauti ya chini, akamshusha, akafunga mlango. Persis aliona aibu, lakini akaona pia kwamba Momanyi hakuuachia mkono wake mpaka nyumbani, na hakujua kwa nini.

Mwezi wa nane daktari akasema anafaa. Momanyi akaitiwa fomu, akaisoma yote polepole, akatia sahihi. Lililobaki ni moja: mgonjwa alete ndugu atakayemwangalia wiki za kwanza. Persis akapanda kwenda Kebirigo kwa baba yake, akamsimulia habari za ugali na za mizani.

Baba yake, mzee Nyangau, alikuwa omobari, mpasuaji wa vichwa. Waliopigwa rungu, walioanguka kutoka juu ya paa, wenye maumivu ya kichwa ya miaka mingi, aliwapasua ngozi, akakwangua mfupa kidogo kidogo mpaka akafika alipopataka. Wengi waliishi. Lakini mzee hakujisifia hao. Alijisifia wale aliowakataa. Kati ya kumi waliokuja alipasua watatu, na kila mmoja alimuuliza swali lilelile. Sasa akamuuliza binti yake.

"Ukishapona, mwanangu, utakuwa umepata nini?"

"Mtoto, baba."

Mzee alikuwa akichonga mpini, akauweka chini.

"Mtu akinijibu kwamba anataka kichwa kiache kuuma, namkalisha," alisema. "Akinijibu kwamba anataka mkewe arudi, namwambia aende kwa wazee. Kisu changu hakijui njia ya huko. Huyo Mzungu atakata nini?"

"Enda."

"Enda ipi?"

Persis alimtazama.

"Nakuuliza kwa sababu mimi ni fundi," alisema mzee. "Mtu anayetaka kutengeneza kizazi hakupimi kwa mizani ya kahawa. Hakuulizi ugali wako ni mkubwa kiasi gani. Alisema enda, au alisema amara?"

"Aliyesema ni nesi."

"Basi nenda ukamuulize mwenye kisu. Kuuliza si ujinga. Na mimi nitakuja kukuuguza, ukikatwa chochote."

Asubuhi ya siku ya daktari Persis alikwenda peke yake. Alimwomba Marion aseme neno lenyewe, hata kama ni baya. Marion akainama, akavuta pindo la aproni yake, akasema: amara. Halafu akaanza kuomba msamaha, na Persis hakumsikia. Aliketi. Kiti kililia.

Daktari alipoelewa kilichotokea alivua miwani. Alimtaka Marion afasiri neno kwa neno, bila kupamba.

"Kizazi chako sitakigusa," alisema. "Wako wanawake ambao wakipungua siku zao hurudi. Wengine hazirudi. Siwezi kukuahidi. Na hata zikirudi, miaka miwili baada ya kisu usishike mimba. Mwili wako utakuwa na njaa, na mtoto atakuwa na njaa zaidi."

Siku za Persis zilikuwa zimekoma miaka mitatu sasa. Alijumlisha miwili kwenye thelathini na sita na hakupenda jibu.

"Na hiyo amara," alisema, "inaua?"

"Nimepasua watu ishirini. Mmoja amekufa. Wawili niliwafungua tena nikaurudisha utumbo kama ulivyokuwa, kwa sababu ini lilikuwa linaharibika. Wengine wanatembea, sukari imeshuka, lakini wanaharisha mara nyingi na wanarudi kwangu damu ipimwe. Watarudi mpaka wafe. Asiyeweza kurudi, simpasui."

"Nisipokatwa?"

"Kwa pumzi zile na sukari ile, sidhani utafika miaka hamsini."

Alisema hivyo kama anavyosema mtu bei ya kitu, na Persis, kwa namna ya ajabu, alimshukuru kwa hilo. Kisha daktari akairarua ile fomu yenye sahihi ya Momanyi.

"Nilisema unafaa," alisema. "Nilikosea. Kwa uzito unafaa, kwa ugonjwa unafaa, kujaribu umejaribu. Lakini asiyejua anakatwa nini, hafai. Nenda ufikiri. Ukirudi, uje na jibu lako mwenyewe."

Momanyi alikuwa uani, viatu vyake vikikauka juani, Persis alipofika. Alikuwa amepumzika mara tano njiani na hasira ilikuwa imempandisha kilima kuliko miguu.

"Ulisoma ile fomu," alisema.

"Niliisoma."

"Kiingereza unakijua."

"Nakijua."

"Imeandikwa kizazi humo?"

"Imeandikwa utumbo."

"Na mimi nilikuambia njiani kwamba atafungua enda. Ukakohoa."

"Nikakohoa," alisema Momanyi.

Persis alitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Miezi sita alikuwa amekula majani na kucheka na mama mkwe wake kwa ajili ya mtoto ambaye mumewe alijua hayumo katika mpango wa mtu yeyote.

"Kwa nini?"

Momanyi hakuwa mtu wa hotuba. Alisema maneno yale akitazama viatu.

"Ningekwambia ungekataa. Mtoto niliacha kumngoja mwaka wa nane, Persis. Mama ameniletea majina ya wasichana, nimeyakataa yote, na kwako nilinyamaza nisikuchome. Ninachongoja mimi ni wewe upumue. Usiku ukinyamaza naamka nikuguse nione kama uko. Nimechoka kuamka nikiogopa."

Mwanamke aliyengoja mke mwenza miaka kumi na minne alisimama pale uani, akaambiwa kwamba hakuna aliyekuwa anakuja. Ungedhani angefurahi. Alifurahi, nadhani, mahali fulani ndani sana, lakini lililotoka kwanza halikuwa hilo.

"Hukuwa na haki ya kuninyamazia."

"Sikuwa nayo."

"Nitarudi kwa daktari. Nitamwambia mwenyewe, amara, kwa mdomo wangu, akate. Nataka kuishi. Lakini usiniambie umeacha kumngoja mwaka wa nane. Mimi nilikuwa namngoja mpaka leo saa nne asubuhi."

Akaketi chini, palepale kwenye udongo, jambo ambalo hakulifanya siku hizi kwa sababu kuinuka kulihitaji watu wawili. Akalia. Hakulia kile kilio cha jikoni cha kujifuta haraka; alilia kwa sauti, kilio cha msiba chenye kuita na kuitikia, na hakuwa na jina la kuita. Momanyi alisimama kidogo. Kisha akaketi naye udongoni, na suruali yake ya ofisini.

Tryphosa, jirani yao, alikuwa akitoka shambani. Aliposikia kilio aliacha njia, akapenya kwenye ua na jembe lake begani.

"Mmefiwa na nani?" aliuliza.

Momanyi alimtazama mkewe, kisha akamtazama jirani.

"Mtoto wetu," alisema.

Tryphosa aliwajua miaka kumi na minne. Hakuuliza ni yupi. Aliweka jembe chini, akafunga leso yake kiunoni, akaketi upande wa pili wa Persis, akaanza kulia naye.