Vidole Vinne Chini ya Goti

Baridi ya Ufipa ilikuwa bado haijaondoka uwanjani Sajini Kalisti alipoanza kukagua mavazi. Wanaume saba walikuwa wamejipanga, kaptula zao za kaki zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa, patisi, vile vitambaa virefu vya miguuni, zimeviringishwa kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Mwisho wa mstari walisimama askari jela wawili wanawake, Kristiana na Mwantum. Wao walipewa gauni la kaki lenye kubana, na mkanda. Sajini akainama, akapima kwa mkono wake: vidole vinne chini ya goti.

"Sawa," akasema. "Mkaguzi anafika saa nne. Asiyefaa kazi arudishe nguo na aache chumba."

Kristiana akamfikiria mama yake, aliyelala kwenye chumba hicho cha kambi, miguu imevimba. Mume wa Kristiana mwenyewe alikwisha kufa, na shamba la Mwimbi lilikwisha kuchukuliwa na shemeji zake. Hapakuwa na kwingine.

Kabla mkaguzi hajafika, wakajaribu kwanza zoezi la kumkamata mfungwa mwenye rungu. Sajini alikuja na rungu. Kristiana alitakiwa kulikinga, kupiga hatua ndefu kando, kumkamata mkono na kumwangusha. Kukinga alikinga vizuri. Hatua ndiyo iliyomshinda. Gauni lilimbana mapajani, akaenda chini kifudifudi.

"Dada, umepoteza sindano?" Basil akauliza kutoka mstarini. Wenzake wakacheka.

"Livae wewe, Basil, ndipo tucheke wote," Mwantum akamjibu.

Kisha akamvuta Kristiana nyuma ya stoo. "Kwetu Mtowisa tukipandikiza mpunga, nani anaingia matopeni na gauni? Tunapiga ubwinda."

Akatoa kaniki kapuni, akamfunga kiunoni, akapitisha ncha katikati ya miguu, akaichomeka nyuma na kuikaza. Gauni wakalipandisha, wakalibana kwa mkanda.

"Na wewe?"

"Mimi nitakwenda na gauni langu. Nikianguka, baba yangu ana duka. Wewe huna."

Saa nne mkaguzi, Mzungu mwenye daftari, aliketi kivulini. Mwantum alitangulia, akaanguka mara mbili. Mkaguzi akampa mwezi mmoja wa kujifunza tena.

Kristiana akaingia. Rungu liliposhuka alilikinga, akavuka kando kwa hatua moja, akaudaka mkono. Sajini Kalisti, mtu mzito kama gunia la mahindi, akaanguka chali na vumbi likapanda. Safari hii hakuna aliyecheka. Basil peke yake alisema polepole, "Lo!"

Mkaguzi alikuwa akitazama miguu. "Mama hii, kwa nini magoti iko nje?"

"Kazi anaiweza, bwana," Sajini akasema, akijipangusa. "Ameniangusha kweli."

"Mimi naona. Lakini nguo si ya sheria. Kazi yake basi."

Ofisini, karani Theodory alichovya kalamu kwenye wino. "Sababu ya kuachishwa. Naandika: mavazi."

"Andika na kwamba nilimwangusha Sajini."

"Nafasi ni ndogo, dada. Maneno hayo hayataenea."

Kristiana akaitazama ile nafasi. Kweli ilikuwa ndogo. Akaenda nyuma ya mlango, akavua gauni, akabaki na kaniki na blauzi aliyoivaa ndani kwa ajili ya baridi. Akalikunja gauni kwenye mikunjo yake ya pasi, akaliweka mezani, na mkanda juu yake. Karani akamsogezea wino wa dole gumba. Akausukuma kando, akachukua kalamu na kuandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine.

Sajini Kalisti alikuwa amesimama nje, mgongo bado una vumbi. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, shusha basi hiyo kaniki. Watu wanakutazama."

"Nina mama wa kumbeba mgongoni mpaka Katandala, tukatafute pa kulala, Sajini," Kristiana akasema. "Nahitaji hatua ndefu."

Akaukata uwanja katikati, magoti nje, kwenda kumtoa mama yake chumbani.